UZI: Surya Bonaly ni zaidi ya ile samasoti ya Nagano 1998

MkufunziMchangani ameandika:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya miezi michache ile klipu ya Surya Bonaly wa Ufaransa, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, hurudi kwenye magrupu. Msichana mweusi aliyevaa gauni la bluu anateleza kinyumenyume kwenye barafu, anajirusha, kichwa chini miguu juu, anatua kwa mguu mmoja na kuendelea na safari kama mtu aliyeruka mfereji. Chini yake watu wanaandika "huyu aliwakomesha majaji", wanapita. Juzi ilipostiwa tena, kijana mmoja ninayemfundisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo huyu dada ndiye alishinda?" Nikamwambia hapana, siku ile alimaliza wa kumi. Alinitazama kama nimemdanganya. Nikaona niwaletee habari yake yote, maana huyu mama hakuwa mtu wa sekunde moja. Alikuwa juu kabisa kwenye mchezo wake wa skeiti, yaani kuteleza na kuruka barafuni, kwa karibu miaka saba, na sehemu kubwa ya hiyo miaka haimo kwenye klipu.

Nijitambulishe kidogo ili mjue naongea kutoka wapi. Mimi ni mwalimu wa sarakasi. Samasoti nilijifunza ufukweni, kwa kukanyaga tairi lililofukiwa nusu mchangani ili linirushe. Barafu sijawahi kuikanyaga. Lakini Surya naye alianzia kwetu, kwenye kupinduka. Kabla ya skeiti alikuwa mtoto wa jimnastiki, na hasa ule mchezo wa kupindukapinduka mfululizo juu ya mkeka mrefu. Ndiyo maana nikimtazama naona vitu ambavyo mtangazaji wa skeiti anavipita.

Alizaliwa Nice, kusini mwa Ufaransa, tarehe 15 Desemba 1973. Akiwa na miezi minane alichukuliwa na Suzanne na Georges Bonaly, wazungu, wakamlea kama mtoto wao. Mama alikuwa mwalimu wa michezo, baba msanifu wa majengo. Kwa muda mrefu magazeti yaliandika kwamba amezaliwa kisiwani Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, kwa sababu kocha wake Didier Gailhaguet aliona hadithi hiyo itawanogea waandishi. Ukweli uliokuja kujulikana ni kwamba mama aliyemzaa ndiye aliyetoka Réunion. Mtoto mwenyewe ni wa Nice. Naliweka mapema hili ili muone kwamba kabla hajaruka chochote, watu wazima walikwisha kumpangia aonekane mtu wa namna gani.

Alipanda haraka, na wakati nao ulimfaa. Zamani mashindano haya yalikuwa na sehemu ya kuchora: mchezaji anachora duara na umbo la nane kwenye barafu kwa ukingo wa ubapa, kile chuma cha chini ya kiatu, majaji wanainama kukagua mistari. Mrukaji mzuri angeweza kupoteza mashindano yote hapo kabla muziki haujapigwa. Sehemu hiyo ikafutwa baada ya ubingwa wa dunia wa 1990. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Budapest, Surya akachukua ubingwa wa dunia wa vijana. Januari 1991, Sofia, akachukua ubingwa wa Ulaya wa wakubwa, ana miaka 17. Na hakuuachia. Lausanne 1992, Helsinki 1993, Copenhagen 1994, Dortmund 1995. Mara tano mfululizo. Nyumbani Ufaransa alikuwa bingwa mara tisa, 1989 hadi 1997.

Sasa twende Albertville, Februari 1992. Olimpiki ya majira ya baridi inafanyika Ufaransa, na aliyepewa kusoma kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote wa dunia ni yeye, binti wa miaka 18. Fikirieni huo mzigo. Mazoezini akapiga samasoti ya nyuma, karibu na alipokuwa Midori Ito wa Japani, mwanamke wa kwanza kufanya mruko uitwao Axel wa mizunguko mitatu na nusu kwenye mashindano. Akaonywa asirudie. Watu walisema alikuwa anamtisha mwenzake. Hapo mimi nikiwa mwalimu ningemkalisha binti yangu chini, kwa sababu mazoezini barafu ni ya wote na mtu anayeteleza kwa kasi hahitaji kushtuliwa. Katika mashindano yenyewe akajaribu kitu kikubwa zaidi: kuruka kwa mizunguko minne. Wanawake hawakuwa na kitu hicho. Majaji wakaona mzunguko wa nne haukukamilika kabla ubapa haujagusa barafu, na ukitazama video polepole, kweli robo hivi anaimalizia chini. Alimaliza wa tano.

Kwa wasioujua huu mchezo: mtu anapaa kwa muda usiofika sekunde moja. Ndani ya muda huo anafunga mikono kifuani, anazunguka mara nne, anafungua, anatua kinyumenyume kwa mguu mmoja juu ya chuma chenye unene wa kama milimita 4, na hata humo anatumia ukingo mmoja tu, wa nje. Baada ya Surya kujaribu pale Albertville ilipita miaka kumi ndipo Miki Ando wa Japani akatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kukamilisha mizunguko minne kwenye mashindano, mwaka 2002. Na ule mruko wenyewe aliojaribu Surya, unaoanzia kwenye ncha ya kiatu, ulikamilishwa na Alexandra Trusova wa Urusi mwaka 2018. Miaka 26! Huo ndio umbali aliokuwa anaurukia.

Nitaendelea na zile medali zake tatu za fedha za ubingwa wa dunia. Ngoja nimalize darasa la jioni.

---

BintiMtwapa:

Asante mwalimu, endelea usituache njiani. Hiyo Nagano 1998 sisi Wakenya tunaikumbuka kwa jambo lingine. Ndiyo Olimpiki aliyokwenda Philip Boit kuteleza kwa skii, kilomita 10, akawa wa mwisho, na yule bingwa wa Norway Bjørn Dæhlie akamngoja mstarini amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie. Sikujua kama ni michezo ileile aliyokuwepo huyu dada. Wiki moja hivi tu baina yao.

Halafu kuhusu barafu, Nairobi ipo. Kuna uwanja ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, upo tangu 2005. Mimi nilienda na binamu zangu. Hatua ya kwanza niliyopiga nilikaa chini, na barafu ni ngumu kuliko saruji. Tangu siku hiyo nikiona mtu anapinduka hewani juu yake moyo unanidunda.

---

MkufunziMchangani:

Dada BintiMtwapa, hilo la Boit limenifurahisha sana, na nitalirudia mbele.

Umesema barafu ni ngumu kuliko saruji. Shikilia hapo. Sisi mchangani, ukikosea, mchanga unakupokea. Kwenye mkeka wa mashindano sakafu ina chemchemi chini yake, inakurudishia nguvu uliyoikanyagia. Barafu haikupi chochote. Tena inakukimbia, maana unaondoka huku unateleza kinyumenyume, unang'ata barafu kwa yale meno ya mbele ya ubapa, basi.

Haya, medali za fedha.

Machi 1993, Prague. Aliyemshinda ni Oksana Baiul wa Ukraine, mtoto wa miaka 15 aliyekuwa akicheza kama majani ya mnazi kwenye upepo. Surya aliruka mizunguko mitatu mara nyingi kuliko yeye. Majaji wakampenda Baiul.

Ili muelewe inawezekanaje, lazima mjue walivyokuwa wanahesabu. Majaji tisa. Kila mmoja anatoa alama mbili, ya juu kabisa ni 6.0: moja ya ufundi, moja ya uwasilishaji. Lakini zile namba hazikujumlishwa kwa majaji wote kama unavyodhani. Kila jaji kwa alama zake alikuwa anapanga foleni: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Anayepata "wa kwanza" kwa majaji walio wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo 5.8 haikuwa na thamani yake yenyewe. Ilikuwa ni kusema "nimekuweka nyuma ya fulani". Ukiruka mruko ambao hakuna mwanamke mwingine anao, hapakuwa na jedwali lililosema mruko huo una pointi ngapi. Kila kitu kilipita kwenye macho ya watu tisa.

Februari 1994, Olimpiki ya Lillehammer, Norway. Dunia nzima ilikuwa inatazama, ila kwa sababu ya Nancy Kerrigan wa Marekani aliyepigwa gotini Januari ile, na mpinzani wake wa nyumbani Tonya Harding. Katika kelele hizo Surya alimaliza wa nne. Baiul dhahabu, Kerrigan fedha, Chen Lu wa China shaba. Hatua moja nje ya jukwaa.

Mwezi mmoja baadaye ubingwa wa dunia unafanyika Chiba, Japani. Baiul hayupo. Kerrigan hayupo. Huu ulikuwa mwaka wake. Akateleza vizuri, na mpinzani wake Yuka Sato, mwenyeji, naye akateleza vizuri mno. Kila mchezaji hucheza programu mbili, fupi kisha ndefu. Hesabu ikagoma, wakafungana, ikabidi ile ndefu iamue. Majaji watano wakamweka Sato mbele, wanne wakamweka Surya. Watano kwa wanne. Ikaja saa ya kupokea medali, Surya akasimama chini, kando ya jukwaa, akakataa kupanda. Afisa akamsihi, akampandisha. Alipovishwa medali ya fedha akaivua, machozi yanamtoka. Uwanja ukamzomea.

Mwaka 1995, Birmingham, fedha tena, nyuma ya Chen Lu. Miaka mitatu, washindi watatu tofauti, na aliyesimama wa pili ni yuleyule.

---

Nahodha77:

Mtoa mada umeandika vizuri lakini niruhusu nipingane. Mimi nimeutazama mchezo huu miaka mingi nikiwa baharini, mabaharia wa Kifilipino na Warusi walikuwa hawaachi kuuangalia. Pale Chiba alikosea. Yuka Sato alikuwa na kosa gani? Binti yuko nyumbani kwao, ameshinda ubingwa wa dunia wa maisha yake, na picha ya siku hiyo kila gazeti ni ya mtu mwingine analia na kuvua medali. Hiyo si haki kwa Sato.

La pili, tuseme ukweli. Sato anateleza husikii sauti. Anasukuma mara mbili amevuka uwanja. Surya unasikia kiatu kinakwaruza, anasukuma, anasukuma tena, halafu anasimama wima, anajiandaa, anaruka. Mchezo unaitwa kuteleza. Majaji hawakuwa vipofu wote.

---

MkufunziMchangani:

Nahodha, nashukuru kwa kupinga kwa heshima. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu Sato sina utetezi. Aliibiwa siku yake, na ningependa mtu amwandikie uzi wake naye. Ukitaka kuona mguu unavyoongea na barafu, mtazame yeye.

Kuhusu ufundi wa kuteleza, ulichosema kipo. Surya aliingia barafuni akiwa na mwili uliokwisha kufundishwa kwenye mkeka. Mtu wa mkeka anakusanya nguvu, anakimbia, anapasua. Miguu yake inajua kurusha. Mtu wa barafu amefundishwa tangu utotoni kuegemea ukingo na kuacha kasi ije yenyewe kwa kukunja goti. Na zile duara za kuchora nilizozitaja juu ndizo zilizokuwa shule ya ukingo. Surya alitoka kwenye kizazi kilichoikwepa shule hiyo. Kwenye mruko uitwao Lutz na mirusho mingine, mara kadhaa alikuwa anatua huku mzunguko haujatimia, nalo hilo nimelisema kuhusu Albertville. Mama yake alichukua ukocha baada ya kuachana na Gailhaguet mwaka 1992. Mama alimpenda na kumlinda, hakuna anayebisha, lakini nadhani ndicho kipindi alichohitaji fundi wa ukingo akae naye miaka miwili amvunje na kumjenga upya. Hakumpata, au hakukaa naye vya kutosha. Hilo linaniuma kama mwalimu.

Ila nikuulize, Nahodha. Kama alikuwa na kasoro hizo, majaji wanne kati ya tisa waliona nini pale Chiba? Waliona yaleyale uliyoyaona, wakamweka wa kwanza. Angeshindwa kwa tisa bila ningenyamaza. Alishindwa kwa jaji mmoja, na jaji huyo hakuwa na lazima ya kueleza kwa nini. Binti wa miaka 20 ambaye amefanya kazi hii tangu mtoto, mara ya pili mfululizo anaambiwa "karibu", na hana karatasi ya kusoma aone alipokosa pointi hata nusu. Nimewahi kukaa na kijana wangu usiku kucha baada ya mashindano ambayo hakuna aliyetuambia tumekosa wapi. Mtu akijua kosa lake hulala. Yule hakulala.

Kuvua ile medali kulikuwa kosa. Kwa kulia siwezi kumlaumu.

---

Zawadi wa Ilala:

Mbona mnazunguka? Alikuwa mweusi kwenye mchezo wa wazungu. Semeni tu.

---

MkufunziMchangani:

Dada Zawadi, sikwepi. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema bila kulirahisisha.

Kulikuwa na watu weusi kabla yake, na njia haikuwa nyepesi. Marekani miaka ya 1930, Mabel Fairbanks alikuwa anakataliwa kuingia uwanja wa barafu New York kwa rangi yake. Alikuja kuwa mwalimu mkubwa California, na ilipofika 1997 ndipo akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo nchini mwao. Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, na shaba yake ya Calgary 1988 ndiyo medali ya kwanza ya mtu mweusi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Kwa hiyo siwezi kusema majaji hawakuwahi kumpa mtu mweusi dhahabu. Walimpa Debi, wakampa na Surya mara tano Ulaya.

Lakini sikiliza maneno waliyokuwa wanayatumia. Uwasilishaji. Umbo. Wepesi. Kulikuwa na picha moja ya msichana wa barafu vichwani mwao: mwembamba, mikono mirefu, kama wa baleti. Surya ana mapaja ya mrukaji na mabega ya mtu wa mkeka. Watangazaji walipenda kumwita mwenye nguvu, mwanasarakasi, kana kwamba ni upungufu. Mimi neno sarakasi nalibeba kama kazi yangu na heshima yangu, nikilisikia linatumika kumshusha mtu nalijua mara moja. Alama ya pili ilikuwa haina kipimo, na mahali pasipo na kipimo mazoea ya jicho huingia. Hilo nalisema kwa uhakika. Kwamba jaji fulani siku fulani alikuwa na chuki moyoni, hilo siwezi kumshuhudia mtu.

Na kwamba ule mfumo ulikuwa mbovu, si mimi ninayesema. Mwaka 2002, Olimpiki ya Salt Lake City, ikabainika kwamba jaji wa Ufaransa alishinikizwa katika mashindano ya jozi, ikabidi Wakanada wapewe dhahabu ya pili. Jaji yule alifungiwa miaka mitatu, pamoja na rais wa shirikisho la Ufaransa. Rais huyo alikuwa nani? Didier Gailhaguet, kocha wa zamani wa Surya. Ile 6.0 ikaondolewa, na kuanzia 2004 kila mruko una bei yake kwenye jedwali. Surya alikuwa ameshastaafu mashindano.

---

Kijana wa Kigamboni:

Mwalimu, bado Nagano. Na je, samasoti si ilikuwa marufuku? Alijua?

---

MkufunziMchangani:

Alijua fika.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1976, Innsbruck, Mmarekani Terry Kubicka alipiga samasoti ya nyuma kwenye Olimpiki. Muda si mrefu shirikisho la kimataifa likaipiga marufuku. Sababu mbili zilikuwa zinatajwa: ni hatari, na tena mtu anatua kwa miguu miwili wakati kanuni ya kuruka kwenye mchezo huu ni kutua kwa mguu mmoja.

Surya anakuja Nagano Februari 1998 akiwa si yule wa 1993. Taji la Ulaya lilimtoka Sofia mwaka 1996, likachukuliwa na Irina Slutskaya wa Urusi. Mwaka huohuo mshipa wa kisigino ukakatika. Wenzangu wa sarakasi mnajua mshipa huo. Ndio unaokurusha. Wengi wakikatika huo wanatafuta kazi nyingine. Shirikisho lake lenyewe halikuwa na hamu ya kumrudisha kikosini, akapigania nafasi, akarudi, 1997 Paris akawa wa tisa Ulaya. Mwenye mataji matano, wa tisa, mbele ya watu wa nyumbani. Mtu mwenye kiburi tu angeondoka hapo. Yeye akarudi mazoezini. Milan, Januari 1998, akawa wa sita. Hiyo miezi kuanzia kisigino hadi Nagano ndiyo ninayoiheshimu kuliko kitu chochote alichofanya, na haina klipu.

Nagano, baada ya programu fupi alikuwa wa sita. Siku ya programu ndefu mwili unamuuma, anaanguka, medali imeshakwenda. Katikati ya muziki akaamua. Mtazameni sasa kwa jicho la fundi. Anageuka kinyumenyume, hapunguzi kasi sana, anakaa kidogo, mikono inapanda, anapinduka. Kwa kawaida hapo unatua kwa miguu miwili, maana mwili unataka kujiokoa. Yeye anatoa mguu mmoja tu, anaweka mwingine nyuma, anatua na kuendelea kuteleza. Yaani ile sababu ya pili ya marufuku, ya miguu miwili, aliijibu palepale mbele yao. Sababu ya kwanza, ya hatari, mwili wake ulikuwa umeijibu tangu utotoni.

Wakamkata alama, kama alivyojua watamkata. Akamaliza wa kumi. Tara Lipinski wa Marekani, miaka 15, akachukua dhahabu, Michelle Kwan fedha, Chen Lu shaba. Alipomaliza aliinama kuwashukuru watazamaji akiwapa majaji mgongo.

BintiMtwapa, ndipo nimekumbuka Boit wako. Watu wawili, michezo ileile, mmoja wa mwisho na mwingine wa kumi, na leo hii majina yao yanatajwa kuliko ya wengi waliowatangulia mstarini.

Kuhusu marufuku: Januari 2024, Kaunas, Mfaransa mwenzake Adam Siao Him Fa alipiga samasoti kwenye ubingwa wa Ulaya, akakatwa pointi 2 na bado akashinda. Katikati ya 2024 shirikisho la kimataifa likaondoa marufuku. Sasa Ilia Malinin wa Marekani anaipiga kwenye programu zake na hakatwi kitu. Miaka 26 baada ya Nagano.

---

Nahodha77:

Mwalimu, hapo kwenye kisigino umenishika. Sikuijua sehemu hiyo. Nilidhani 1998 alikuwa amechoka tu. La Chiba nabaki nalo, lakini nitaitafuta ile ya Milan niitazame.

---

BintiMtwapa:

Na sasa yuko wapi?

---

MkufunziMchangani:

Yuko Marekani, dada. Baada ya Nagano aliacha mashindano akaingia kwenye maonyesho, akazunguka na kundi la Champions on Ice miaka mingi, na ile samasoti huko ilikuwa halali, aliipiga jioni baada ya jioni. Mwaka 2004 akachukua uraia wa Marekani. Baadaye mgongo ukamsumbua, akafanyiwa upasuaji, akaacha maonyesho. Amekuwa akifundisha watoto kuteleza.

Jumamosi nitawaonyesha vijana wangu. Nimetafuta video ya Copenhagen 1994, ubingwa wake wa nne. Nitaanzia hapo, halafu Sato wa Chiba ili waone miguu, halafu Albertville polepole ile mizunguko minne wahesabu wenyewe robo iliyopungua. Nagano nitaiweka mwisho. Yule kijana aliyeniuliza kama alishinda nimempa kazi ya kutafuta upana wa ubapa wa skeiti na kuuchora mchangani kwa kijiti, kisha ajaribu kusimama juu ya mstari huo kwa mguu mmoja, macho mbele. Jana alifika sekunde sita.